Plasta Juu ya Plasta

Watu wote walikuwa wanatazama kichwa. Sajini Doris Grixti alikuwa anatazama mguu.

Ulikuwa mguu wa kulia wa Brody Maslen, nahodha wa timu ya Korongo, aliyekufa Jumamosi alasiri ndani ya vyumba vya wachezaji huku wenzake wakiimba. Korongo walikuwa wameshinda, na timu ikishinda mpira huu wa Australia huingia ndani, wachezaji wakashikana mabega kwa duara, wakaimba wimbo wa klabu mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Brody aliimba nao, au ndivyo walivyodhani. Picha za televisheni zilimwonyesha kichwa kimelala kifuani, vidole vya miguu vinaburuta sakafuni, mikono ya watu wawili imemshikilia kulia na kushoto. Walimzungusha hivyo hivyo mpaka ubeti wa mwisho. Wakammwagia maji kichwani, wakacheka. Duara lilipovunjika na ile mikono ikamwachia, alianguka kifudifudi, na meno mawili ya mbele yakabaki sakafuni.

"Pigo la robo ya pili ya mechi ndilo lililoanza," alisema daktari wa maiti, akikunja shuka jeupe vizuri kana kwamba anatandika kitanda cha mgeni. "La robo ya nne lilikuwa dogo tu, kugongana na goti la mwenzake. Siku nyingine angeinuka akacheka. Lakini ubongo ulikuwa umeshatikisika. Angewekwa nje baada ya lile la kwanza, leo yuko nyumbani anakaanga mayai."

"Na huu mguu?"

"Mguu una nini, Doris?"

"Una plasta mbili."

Daktari akaja kuinama. Kila mchezaji hufungwa vifundo vya miguu kabla ya mechi, plasta ngumu nyeupe inayoshika ngozi iliyonyolewa, na Brody alifungwa yake kama wengine. Lakini kifundo cha kulia kilikuwa na plasta ya pili juu ya ile ya kwanza. Doris alinyanyua ukingo kwa koleo ndogo. Katikati ya plasta na plasta kulikuwa na majani mabichi ya uwanjani na tope lililokauka.

"Ya chini ilifungwa kabla hajaingia uwanjani," alisema. "Ya juu, baada ya kulala kwenye majani."

"Ya chini ililegea, ikaongezwa."

"Ikilegea inakatwa kwa mkasi. Hakuna mchuaji anayefunga juu ya tope, haishiki hata kidogo. Aliyefunga hii hakuwa anafunga mguu."

"Alikuwa anafunga nini, sasa?"

Doris alishika koleo tena. Akaizungusha ile plasta ya juu mpaka akaona ilipoishia. Ncha yake ilikuwa imekunjwa kwa ndani, pembe mbili zikakutana, ikasimama kama sikio dogo la paka. Plasta ya chini nayo ilikuwa na sikio kama hilo. Akaagiza vyote vipigwe picha, kwa karibu na kwa mbali, na pembeni iwekwe rula.

Simu ikalia. Alikuwa Inspekta Halloran, bosi wake, mtu ambaye kitambaa cha Korongo kilining'inia ofisini kwake mwaka mzima.

"Saa kumi na moja jioni namshtaki yule dogo," alisema Halloran. "Oakshott. Kuua bila kukusudia. Umemaliza?"

"Bado, afande. Kuna jambo kwenye mguu."

"Mguu? Mtu kapigwa bega kichwani mbele ya watu elfu hamsini, babake kalia kwenye televisheni, nchi nzima inalia, wewe unatazama soksi?"

"Alipimwa na daktari baada ya pigo, akaonekana mzima, akarudi uwanjani. Nataka kujua alifauluje."

"Una mpaka saa kumi na moja," alisema Halloran, akakata.

*

Jai Oakshott alikuwa na miaka kumi na tisa na mechi sita. Alichezea Wachimbaji wa Ballarat, na tangu Jumamosi alikuwa amefichwa kwa shangaziye huko Werribee, ingawa kujificha kwenyewe kulishindikana. Kwenye uzio wa mabati mtu alikuwa ameandika MUUAJI kwa rangi ya kupuliza, herufi ndefu kuliko mtoto. Kizingitini palikuwa na doa la damu lililosuguliwa likabaki. Shangazi alieleza bila kuulizwa: asubuhi walikuta kichwa cha kondoo, kimevishwa kitambaa cha Korongo, macho yametobolewa.

"Nilikizika kwenye waridi," alisema. "Chai?"

Doris alikubali chai. Jai alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono katikati ya mapaja, mabega yake makubwa yamejaa sebule nzima. Televisheni ilikuwa imezimwa na kufunikwa kwa kitambaa cha meza.

"Ulimwambia nini kabla ya kumpiga?" Doris aliuliza. "Maikrofoni ya refa imeshika sauti yako."

"Nilimwambia, 'Babu, kapumzike, wajukuu wanakusubiri.'"

"Na yeye?"

"Akasema, 'Mamako ndiye aliyenichosha.'" Kijana akatazama chini. "Tulicheka wote. Yeye ni yeye, nilikuwa na picha yake chumbani kwangu. Mpira ukaja, tukaukimbilia wote wawili, mimi nikageuza bega. Nilifika mapema mno. Nilisikia mlio."

"Halafu?"

"Nikamwinua. Akanitazama, akaniita Stevo. Akaniuliza tunapiga milingoti ya goli ya upande gani."

Doris aliacha kuandika. "Alikuuliza wewe, mpinzani?"

"Ndiyo. Mimi si Stevo. Hakuna Stevo uwanjani siku ile. Nikamwita mtu wa maji wa kwao, mzee mmoja, nikamwambia, 'Mzee, mtu wenu hayuko sawa, hanijui mimi ni nani.' Akaniambia nirudi kwa mamangu nikanyonye."

"Sura yake?"

"Kofia, shati la kijani. Wote wanavaa hivyo. Sikumtazama vizuri, mama. Nilikuwa namtazama Brody."

"Umemwambia nani habari hizi?"

"Wakili wa klabu. Akasema nisiseme, itaonekana natupa lawama kwa watu waliofiwa." Akafikiri kidogo. "Nilimwandikia mke wa Brody. Barua imerudi imechanwa ndani ya bahasha."

Shangazi aliweka kikombe mezani polepole. "Kocha wake kampigia leo," alisema. "Kamwambia asije mazoezini, uwepo wake unawaudhi wadhamini. Halafu kamtakia usiku mwema, saa nne asubuhi."

*

Dakta Ranasinghe aliyekuwa zamuni siku ile alimpokea kwenye chumba cha vipimo pale pale klabuni kwa Korongo. Kilikuwa chumba chembamba: meza ya kulalia iliyofunikwa ngozi ya bluu, kiti, sinki, harufu ya mafuta ya kuchua ambayo haitoki hata ukipiga deki kwa wiki. Alikuwa mwanamke mwenye mvi za mapema, na alizungumza kama mtu aliyekwisha kuhojiwa na wengi.

"Najua umekuja na nini," alisema. "Kwamba kocha alinilazimisha."

"Alipiga simu mara mbili kutoka juu jukwaani. Tumesikiliza kanda."

"Kama mmesikiliza, mmesikia nilivyomjibu."

Doris alikuwa amesikia. Daktari alimwambia kocha ashike ubao wake wa mikakati aukalie, na Brody hatoki chumbani mpaka apimwe. Siku mbili nzima Doris alikuwa ameshikilia njia hiyo ya kocha, akahoji watu wa benchi mmoja mmoja, na wote wakasema kitu kimoja: yule mama hakutishika. Njia ikaishia ukutani.

"Basi nieleze kipimo," alisema.

"Maswali, macho, kusimama kwa mguu mmoja, hesabu za kurudi nyuma. Hayo alifanya vibaya kidogo, lakini wote hufanya vibaya kidogo wakiwa wanahema. Kinachoamua ni maneno. Namsomea maneno matano, anayarudia. Tunafanya mengine. Baadaye namwuliza tena, bila kumsomea. Ubongo uliotikisika hauwezi kuyashika. Unayaangusha."

"Yeye aliyashika?"

"Ndoo, zabibu, kengele, mchanga, shati. Yote matano, kwa mpangilio."

"Wewe ungeyashika?"

"Mimi hudondosha moja," alisema. "Watu wengi wazima hudondosha moja. Nililiona hilo. Nikajiambia ni nahodha, ana akili nzuri."

"Katikati ulitoka?"

"Kijana mwingine alipasuka mdomo, alikuwa anajaza damu korido nzima. Nilikwenda kumshona nyuzi mbili, nikarudi."

"Ulipomwuliza tena, alikuwa anatazama wapi?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu tu, dakta."

"Chini. Mguuni. Alikuwa amekaa mezani hapo, kakunja mguu wa kulia, anaugusa gusa. Kisigino, chini ya unyayo, juu. Neno, anagusa. Neno, anagusa. Nilidhani unamuuma."

"Nani mwingine alikuwa humu ndani?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Nimekwambia hakuna. Mimi na yeye. Na mchuaji tu, alikuwa anamfunga mguu."

Alipokwisha kusema hayo, Dakta Ranasinghe alijisikia mwenyewe. Akakaa.

"Yupi?" aliuliza Doris.

"Sijui. Aliinama. Kofia, shati la kijani, mgongo. Wako wanne, wanaingia na kutoka, unazoea kuwaona kama unavyoona sinki." Alikuwa akikunjua vidole vyake na kuvikunja. "Nilisoma maneno yale kwa sauti juu ya kichwa chake."

Wachuaji wote wanne walikuwa wameshaandikisha maelezo Jumapili. Wote wanne walisema robo ya pili nzima walikuwa pembeni mwa uwanja na chupa za maji.

*

Chini ya jukwaa la kusini kulikuwa na ukumbi mrefu ambako mashabiki walitengeneza bango. Kila mechi hutengenezwa bango jipya la karatasi, refu kama nyumba ya ghorofa, gundi na herufi na picha, kazi ya mikono ya watu wazima wanaotambaa kwa magoti wiki nzima, na siku ya mechi wachezaji hulipasua kwa kulipita mbio. Mama yake Doris aliwahi kutambaa humu miaka mingi. Magoti yake ndiyo yaliyomlaza kitandani.

Bi Glenys, mkuu wa bango, alimtambua kabla hajafika mlangoni.

"Mtoto wa Carmena! Umenenepa, mwanangu, imekukaa vizuri. Vua viatu, usinikanyagie karatasi."

Doris alivua viatu. Sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, palikuwa na herufi nyekundu na nyeupe: MIA TATU. Chini yake uso wa Brody, pua imeshagundishwa, macho bado.

"Jumamosi hii ndiyo ilikuwa ya mia tatu," alisema Bi Glenys. "Alishatangaza anastaafu, mechi ya mwisho wa msimu, namba ikamkubali kabisa, mia tatu kamili. Wangembeba mabegani. Sasa nimebaki na karatasi, na hakuna anayeniambia nimalize macho au nisimalize."

"Angeonekana katikisika ubongo, angecheza Jumamosi hii?"

"Nani? Hapana. Siku kumi na mbili nje, sheria hiyo, hata uwe nani. Angeishia mia mbili tisini na tisa." Alilitamka kama jina la ugonjwa. "Ken angekufa."

"Ken babake? Amekuwa mchuaji hapa tangu lini?"

"Tangu Brody aanze. Hakutaka mkono mwingine umguse mwanawe. Na picha hii alileta yeye mwenyewe, wiki moja kabla ya wakati wetu wa kugundisha, nikamwambia Ken, hatugundishi mechi ambayo haijafikiwa, ni mkosi. Akasema, 'Gundisha, itafikiwa.' Alivyokuwa na hamu, maskini. Yeye mwenyewe alicheza mechi tisa tu, goti likaharibika. Tisa. Na namba ile ile ya jezi, kumi na nne."

"Alimfundisha Brody mwenyewe?"

"Mpira, na shule pia." Bi Glenys akachuchumaa, akalainisha ukingo wa herufi kwa kucha. "Yule mtoto alikuwa mzito wa kusoma, walimu walishanyoosha mikono. Ken alikuwa anamfungia mguu kila Jumamosi asubuhi, pale jikoni kwao, na kila mzunguko wa plasta anamtajia neno la imla. Kisigino, neno. Unyayo, neno. Akifika darasani Jumatatu anashika mguu wake chini ya dawati, maneno yanakuja yote. Tulikuwa tunacheka sana. Si akili hiyo?"

"Ni akili," alisema Doris.

Alivaa viatu vyake, akafunga kamba za kushoto, na za kulia akaziacha.

*

Ken Maslen alikuwa peke yake kwenye vyumba vya wachezaji, akipanga mafungu ya plasta kwenye rafu. Pembeni fundi rangi alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la namba kumi na nne. Kwenye mlango wa kila kabati huandikwa majina ya wote waliowahi kuvaa namba hiyo, na mechi walizocheza. K. MASLEN 9. Chini yake B. MASLEN, na fundi alikuwa bado hajagusa tarakimu.

"Sajini," alisema Ken. Alikuwa mzee mwembamba, mikono mikubwa isiyolingana na mwili, macho mekundu. "Mmemkamata yule mtoto?"

"Jioni, wanasema."

"Jioni. Mwanangu yuko kwenye friji, yeye anasubiri jioni." Akamwona anachechemea. "Umefanya nini mguu?"

"Ngazi za jukwaa. Nimeteleza."

"Panda mezani."

"Usijisumbue, utapona wenyewe."

"Panda, nimekwambia. Siwezi kutazama kifundo kinachezacheza namna hiyo."

Doris alipanda mezani, akavua kiatu na soksi. Ken alikishika kisigino chake kama anavyoshikwa ndege, akakikalisha juu ya paja lake, akavuta plasta ya kwanza. Mikono ile ilikuwa na utulivu wa kutisha. Fundi rangi aliendelea kukoroga kopo lake.

"Wewe timu gani?" aliuliza Ken.

"Mama alikuwa Korongo. Carmena, wa bango."

"Carmena! Alikuwa na mdomo yule, alimtukana refa mmoja mpaka akabadilisha uamuzi." Akacheka kidogo, akazungusha. "Tulia. Usikaze vidole."

"Bi Glenys ananiambia ulimfundisha Brody imla hivi hivi."

Mikono haikusimama. "Watu wanaongea."

"Kwa sifa, Ken. Anasema ni akili."

"Si akili, ni uvumilivu. Mtoto hashiki kitu hewani. Mpe pa kukiweka." Aliugusa unyayo wa Doris. "Hapa neno. Hapa neno. Mguu hausahau. Miaka thelathini na mbili aliyokuwa nayo, ungemwuliza neno 'lazima' linaandikwaje, anashika kisigino."

Alirarua plasta kwa meno. Akaikunja ncha kwa ndani, pembe mbili zikakutana, akaibana kwa kidole gumba ikasimama.

"Na hicho ni nini?"

"Sikio. Mkewe alikuwa anavunjika kucha akimvua. Ukiacha sikio, anapata pa kuanzia."

"Wenzako nao wanaacha?"

"Wale?" Ken alisonya. "Wale wanafunga mguu kama wanafunga robota la majani. Sikio ni langu. Hakuna mwingine anayelijua."

Doris alitoa picha kwenye koti lake, akaiweka juu ya paja, kando ya mguu wake uliofungwa. Masikio mawili yalifanana kama mapacha. Ken aliitazama picha kwa muda. Mkono wake, wenyewe tu, ukaenda kulainisha kasoro kwenye plasta ya Doris.

"Hiyo ni ya kabla ya mechi," alisema.

"Ya kabla ya mechi iko chini. Hii iko juu, na kati yake kuna majani. Jumapili ulisema ulikuwa pembeni robo nzima."

"Nilikuwa pembeni."

"Ulikuwa hapa. Dakta alisoma maneno matano juu ya kichwa chako, akatoka kushona mdomo wa mtu. Ukayafunga mguuni. Kila mzunguko na neno lake."

"Daktari ananitaja?"

"Daktari hajui hata una uso. Mkono wako ndio unaokutaja."

Fundi rangi aliacha kukoroga.

Ken alikaa kwenye benchi chini ya kabati la mwanawe. Alikuwa na sura ya mtu anayeulizwa kwa nini alifunga mlango wakati mvua inanyesha.

"Wewe unajua tisa ni nini?" alisema. "Kila anayeingia humu anasoma mlango huu. Wageni, watoto wa shule. 'Huyu Ken alicheza tisa?' Nimeisikia miaka arobaini. Ilibaki moja. Moja tu, Sajini. Siku kumi na mbili zao zingemlia moja yake."

"Oakshott alikwambia hayuko sawa."

"Mtoto wa watu wengine ananifundisha mwanangu?"

"Na Brody mwenyewe alikwambia nini?"

Ken akafikiri, kama anayetaka kuwa mwaminifu kwenye jambo dogo. "Aliniambia, 'Baba, upande huu sioni.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, una upande mwingine."

Bomba la bafuni lilikuwa likidondosha maji. Doris aliteremka mezani kwa mguu uliofungwa. Haukuuma, haukuwa na sababu ya kuuma.

"Na televisheni? Kusimama mbele ya nchi nzima, kutaka kijana wa miaka kumi na tisa afungwe?"

"Si alimpiga? Nilimwona anampiga."

"Simama, Ken."

Alisimama, akaitoa mikono yake mikubwa mwenyewe. Pingu zilipofunga alimgeukia fundi rangi.

"Usiandike kwanza," alimwambia. "Nimewaomba viongozi wa klabu wamhesabie ile moja. Wanakaa kikao leo."

*

Halloran alisikiliza kwenye simu bila kumkatiza, na hilo halikuwahi kutokea.

"Sikio la plasta," alisema mwishowe.

"Na daktari, na dogo, na maneno yake mwenyewe mbele ya fundi rangi."

"Mchungaji ameshapanga Ken asome Biblia kwenye mazishi, Doris." Akavuta pumzi. "Sawa. Namwacha Oakshott."

Doris alimpigia Jai mwenyewe, amesimama kando ya gari, Ken yumo kiti cha nyuma na konstebo. Alimweleza kwa kifupi. Upande wa pili alisikia brashi ikisugua bati.

"Kwa hiyo si mimi niliyemuua?" aliuliza Jai.

Doris alikumbuka alichosema daktari wa maiti, pigo lipi ndilo lililoanza. "Hutashtakiwa," alisema.

Kijana alisubiri, akidhani kuna neno jingine. Halikuwepo. "Asante, mama," alisema, akakata.

Walipokuwa wakivuka daraja la Westgate, konstebo aliwasha redio kupata habari za foleni. Badala yake ikaja sauti ya mwenyekiti wa Korongo, nzito kwa majonzi. Klabu imeamua kwa kauli moja, alisema, kwamba nahodha Brody Maslen ahesabiwe mechi ya Jumamosi ijayo kana kwamba amecheza. Jina lake litabaki mlangoni milele na mia tatu. Bango litainuliwa. Wazee wake wataalikwa katikati ya uwanja.

"Zima," alisema Doris.

Konstebo alizima. Doris alitazama kwenye kioo. Ken alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, macho amefumba, na uso wake wote ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyekwisha kula akashiba. Midomo yake ilikuwa inasogea. Mwanzoni Doris alidhani anasali. Halafu akaitambua sauti: ulikuwa wimbo wa klabu, ule wa ushindi, anauimba chini kwa chini, na vidole vyake vilivyofungwa pingu vinagusa goti lake, neno kwa neno.

Aliuimba mpaka ubeti wa mwisho.